Ofisi imehamia sebuleni kwangu, kodi nalipa mimi

Ndugu Mhariri,

Miaka yote hii nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya maghorofa ya ofisi pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, kukosa wapangaji ndiyo imenishinda. Mmewahoji wenye maghorofa wakilia kwamba Serikali imehamia Dodoma na watu siku hizi wanafanyia kazi nyumbani. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, safari yenyewe ikaanza 2016. Miaka 43 haikuwatosha kujiandaa? Na hao wanaofanyia kazi nyumbani, mbona hamkumhoji hata mmoja?

Mimi ni mmoja wao. Mwajiri wangu alikuwa amepanga ghorofa nzima mjini. Kodi ilipomwelemea akarudisha funguo, akatuambia kila mtu afanyie kazi kwake. Tukashangilia, maana nani anapenda kubanana kwenye mabasi ya mwendokasi asubuhi? Kumbe bando langu, umeme wangu, na meza ni hiyo hiyo ya kulia ugali.

Juzi mama mwenye nyumba, huku Tabata, kanigongea mlango nikiwa katikati ya kikao cha mtandaoni, wakubwa wangu wanasikia kila neno. Eti amenichunguza, nashinda ndani na kompyuta, kwa hiyo nimeigeuza nyumba yake kuwa ofisi, na ofisi ina kodi yake. LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, tunachangia wapangaji wote, na wenzangu wameshasema mimi ndiye ninayeimaliza. Kwa hiyo kodi imepanda, na safari hii anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikamwambia, mama, mimi mshahara napokea kwa mwezi. Akanijibu: "Si uende kazini kama wenzako, mwanangu." Kazini wapi, Mhariri? Kazini kwenyewe ndiyo huko mlikopiga picha, sakafu inang'aa na hakuna hata kiti! Nimshitaki wapi? Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, tangu hapo mpangaji anapangiwa bei kwa jinsi mwenye nyumba alivyoamka. Mjini ghorofa zina giza na bei haishuki. Walikuwa wakitutajia dola kwa mita ya mraba, kanuni za Machi 2025 zikakataza, wakageuza tu hesabu kuwa shilingi. Huku uswahilini vyumba vinagombewa na bei nayo haishuki. Anayeelewa uchumi wa namna hii anieleweshe.

Nikiamua kuhama, kuna dalali. Analipwa kodi ya mwezi mmoja kwa kunionyesha mlango, na kabla ya hapo anataka hela ya kuzungushwa, hata kama nyumba aliyonionyesha ilishapangishwa. Hao nao andikeni habari zao.

Pendekezo langu ni jepesi. Ghorofa ikikaa tupu zaidi ya miezi sita, mwenyewe ailipie jiji kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwezi mmoja juu yake wa dalali. Akishindwa, ziwekwe kuta, vyoo na LUKU ya kila chumba, tupangishwe kwa mwezi. Mimi naomba ghorofa ya tisa, upande wa bahari. Na mama mwenye nyumba wa huko, akitaka kupandisha kodi, apande kwanza ngazi siku umeme umekatika.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam