Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: fuata risasi, mwachie kijana mashine yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani na Utawala wa Kitaifa,
Harambee House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kibuye, Kisumu. Mimi ni fundi wa vyuma. Mchana nachomelea milango na madirisha, na jioni nafundisha vijana wa mtaa, wasichana kwa wavulana, yeyote aliye tayari kushika tupa na kuchafuka. Sijawahi kumwandikia mtu wa serikali ila kwa mambo ya leseni ya biashara. Leo naandika kwa sababu kuna jambo linaloniuma mara mbili, kama mwalimu na kama dada.

Nianze na la mwalimu. Mwaka jana, Jumanne moja asubuhi, wanaume watatu wasio na sare waliingia kibandani wakauliza mashine ya kutengeneza bunduki iko wapi. Walichokuwa wakitafuta ni printa ya 3D ya mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka 22. Si kubwa kushinda jiko la gesi la mezani. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinatokea. Aliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa alizoweka akiendesha boda usiku kwa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa akichapa gia za mashine za fotokopi, vifundo vya majiko, na kishikio cha mkongojo wa mzee mmoja wa Manyatta ambaye vidole vyake vimekunjika kwa yabisi. Alikuwa pia amechapa bastola tatu za rangi ya machungwa, zisizo na tundu wala sehemu inayosogea, za mchezo wa kuigiza wa shule moja ya sekondari. Mtu aliziona, akapiga simu.

Siwalaumu kwa kuuliza. Ningekuwa polisi ningeuliza, kwa sababu wako watu walioporwa kwa bastola za bandia na hofu waliyoipata ilikuwa ya kweli. Lakini barua ya mwalimu wa drama ilikuwepo mezani, na haikusomwa. Mashine ilipakiwa kwenye gari, kijana akalala ndani usiku mmoja. Hakushtakiwa kwa lolote. Mashine haijarudi mpaka leo, na kila akienda kuiulizia anaambiwa mhusika hayupo. Kituo sitakitaja, maana sitafuti mtu wa kuadhibiwa.

Sasa la dada. Mwaka 2011 mdogo wangu wa kiume alipigwa risasi akifunga duka lake. Walichukua mauzo ya siku na simu yake. Alikaa hospitali siku nne. Bunduki ilipatikana kwenye mtaro, na afisa aliyeshika kesi akanionyesha: bomba, kipande cha mbao, raba. Mheshimiwa, mimi hushika mabomba kila siku. Niliutambua uchomeleaji ule. Haukuwa mzuri, lakini aliyeufanya alifundishwa na mtu kama mimi, mahali kama hapa. Miezi mingi baadaye sikuweza kukata bomba bila mkono kunitetemeka.

Nikaonyeshwa pia ganda la risasi. Hilo halikuwa la kienyeji. Lilikuwa la shaba, limenyooka, lina mhuri wa kiwanda kwenye kitako. Hakuna fundi hapa Kibuye anayetengeneza kitu kama kile. Bunduki iliyomuua mdogo wangu ilitoka uchochoroni, lakini risasi ilitoka kiwandani, ikapita kwenye ghala, ikapita mikononi mwa mtu aliyepaswa kuilinda. Tangu siku ile, nikisikia mjadala wa silaha, nauliza swali moja tu: risasi ilitoka wapi?

Ndiyo maana nashtuka ninaposikia watu wakitaka printa hizi zipigwe marufuku, au zisajiliwe kama bunduki. Bunduki ya kujitengenezea haikuletwa na kompyuta. Kwetu magharibi imekuwepo tangu nikiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kusema mashine za kuchomelea zisajiliwe. Plastiki ni njia mpya ya kufanya uovu wa zamani.

Sisemi hakuna hatari. Mei 2013, huko Texas, mwanafunzi mmoja wa sheria aitwaye Cody Wilson na kundi lake la Defense Distributed waliweka kwenye intaneti faili la bastola ya kuchapwa waliyoiita Liberator. Ndani ya siku mbili lilikuwa limepakuliwa zaidi ya mara 100,000. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaamuru liondolewe, kwa sheria ya kusafirisha silaha nje ya nchi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wilson akaenda mahakamani akisema faili ni maneno, na maneno hayafungwi. Kesi hizo zimevutana kwa miaka mingi. Huko wana haki ya kumiliki silaha iliyoandikwa kwenye katiba yao, na kila jambo hurudi pale. Hata hivyo, Machi 2025 Mahakama yao ya Juu ilikubali, majaji saba kwa wawili, kwamba serikali inaweza kudhibiti vifurushi vya kujiundia bunduki nyumbani zisizo na nambari. Katiba yetu ya 2010 haina haki kama ile. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, tayari inakataza kutengeneza au kumiliki bunduki bila kibali. Kwa hiyo tusiuchukue ugomvi wa Wamarekani tukaufanya wetu.

Hatari yenyewe naijua. Oktoba 2019, mjini Halle, Ujerumani, mtu mwenye chuki alijaribu kuingia sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, akiwa na silaha alizojitengenezea, baadhi zikiwa na sehemu zilizochapwa. Zilimkwama mara kwa mara, na kukwama huko kuliokoa watu, lakini aliua wawili. Tangu hapo michoro imeboreshwa. Na Julai 2022, huko Nara, Japani, Shinzo Abe, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, aliuawa kwa bunduki ya mabomba ambayo muuaji aliiunda nyumbani. Haikuchapwa. Mtu yule alijitengenezea hata baruti.

Nimeutaja mfano huu wa Japani nikijua unapinga hoja yangu, na ni haki uutaje nawe ukinijibu. Naam, mtu aliyedhamiria kabisa anaweza kujitengenezea kila kitu. Lakini tazama alivyolazimika kuhangaika, kwa sababu nchini mwake risasi haziokotwi. Hapa kwetu jambazi hahangaiki na baruti.

Kuna hoja nyingine ambayo pengine huisikii Harambee House, lakini mimi naisikia kibandani. Baada ya Juni 2024, vijana walipopigwa risasi kwenye maandamano na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu kuhesabu waliokufa kufikia 60, mwanafunzi wangu mmoja alinijia na simu yake. Alinionyesha wapiganaji wa Myanmar wanaoshika bunduki zilizochapwa dhidi ya jeshi lililopindua serikali mwaka 2021. Akaniambia, "Mwalimu, wao wana chuma, sisi tuna mabango. Kwa nini tusichape?"

Sikumgombeza. Nilimpeleka kwa mama mmoja anayeuza nguo kuukuu hapa sokoni, mzaliwa wa Cheptais. Yeye aliuona mwanzo wa SLDF, kundi la wapiganaji wa Kisabaot, kule Mlima Elgon. Walianza wakisema wanalinda mashamba ya watu wao kule Chebyuk. Haikuchukua muda wakaanza kuwatoza ushuru watu wale wale, kisha kuwakata masikio. Human Rights Watch ilisema kundi lile liliua watu zaidi ya 600 kati ya 2006 na 2008. Halafu Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume ambao hawakuwahi kushika hata rungu wakateswa pamoja na waliokuwa na hatia. Mama yule alieleza yote hayo huku akikunja nguo, hakuinua sauti. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akafuta ile video mbele yangu.

Hiyo ni kazi yangu, nami nitaifanya. Lakini siwezi kuifanya peke yangu ikiwa risasi zinazowaua vijana zinatoka kwenye ghala lako na hakuna anayezihesabu. Mwalimu gani atamshawishi mtoto kwamba silaha ni mbaya, wakati rafiki yake alizikwa na uchunguzi wa aliyemfyatulia haujafika popote?

Na hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, Mheshimiwa, kwa sababu jambo hili liko jirani yetu. Eldoret kuna kiwanda cha serikali cha risasi, Kenya Ordnance Factories Corporation. Watafiti wa Small Arms Survey, shirika linalochunguza silaha ndogo, walisoma mihuri ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini, wakatoa ripoti mwaka 2008. Waligundua kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka kule kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, nyingi zikiwa za Eldoret. Baadhi ya maafisa walizitoa wakiamini wanawasaidia watu wajilinde dhidi ya majirani wenye silaha. Naielewa huruma hiyo. Lakini risasi haina kabila wala mpaka. Ikishatoka kwenye sanduku la serikali bila kuandikwa jina la mtu, inaweza kushuka Kitale, ikafika Bungoma, ikalala Kisumu kwenye bomba lililochomelewa vibaya.

Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2017 kwamba silaha zilizo mikononi mwa raia Kenya, halali na haramu, ni kama 750,000. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto Ngong na kuteketeza silaha 5,250. Nilizitazama kwenye runinga, na kama fundi niliona chuma kingi kizuri kikiungua, nikafurahi kwa moyo wote. Lakini pigia hesabu mwenyewe. Ukiweka bunduki zote zilizochapwa kwa plastiki kando ya lundo hilo la 750,000, hazitaonekana. Na zote, za kiwandani, za bomba na za plastiki, zinasubiri kitu kimoja.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kila risasi inayotoka Eldoret au bandarini iandikwe ilipewa nani, na iliporudi au ilipofyatuliwa ielezwe. Polisi wa akiba wahesabiwe risasi zao kama wanavyohesabiwa bunduki. Ganda likiokotwa penye mauaji, mhuri wake ufuatwe mpaka kwenye ghala lililotoka, na familia iambiwe. Mimi sikuambiwa. Hesabu hiyo iletwe mbele ya Bunge kila mwaka, ili nasi tulio mbali na Nairobi tuisome.

Kuhusu printa, sheria iseme kwa maneno yasiyo na utata kwamba kutengeneza bunduki au sehemu zake bila kibali ni kosa, iwe kwa plastiki, kwa bomba au kwa njia nyingine yoyote, na atakayesambaza michoro kwa nia hiyo naye ajibu. Adhabu iwe kali. Lakini mashine yenyewe iachwe. Wakati wa Korona, mwaka 2020, mashine kama hizi zilichapa ngao za uso za wauguzi wetu wakati vifaa kutoka nje viliadimika. Kifaa cha hospitali kikivunjika sehemu ndogo ya plastiki na kipuri kiko Ulaya, mtu wa kukichapa yuko hapa Kisumu. Ukimfanya kijana huyo aombe leseni kwenye bodi ile ile inayotoa leseni za bastola, ataacha. Yule mwenye nia mbaya hataomba leseni kamwe.

Halafu tushirikishe sisi wenyewe. Fundi ndiye wa kwanza kujua. Mtu akija kutaka bomba la kipimo fulani na hataki kusema la nini, mimi namtambua kabla hajamaliza sentensi. Nimewafukuza wawili tangu 2011. Sikupiga ripoti, na hilo linanisumbua, lakini nilijua nikienda kituoni mimi ndiye nitakayekaa benchi kuhojiwa mpaka jioni. Tupe afisa mmoja katika kila kaunti, anayejulikana kwa jina, anayejua tofauti ya gia na kifyatulio, ambaye fundi anaweza kumpigia simu bila kuogopa kupoteza vifaa vyake. Afisa wa namna hiyo angemaliza habari ya bastola zile za machungwa kwa dakika kumi.

Kijana anazo karatasi zote: barua ya mwalimu wa drama, karatasi ya mauziano ya mashine, na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Nitazituma ofisini kwako mara tu nitakapoambiwa wa kuzipokea. Kwa sasa bado anakuja Kibuye kila asubuhi saa mbili. Anakaa mahali mashine ilipokuwa, anafungua daftari, anachora gia.

Wako mtiifu,
Fundi na mwalimu wa ufundi,
Kibuye, Kisumu.