Vimelea vya malaria havizoei dawa, vinachujwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli inayorudiwa kila siku, redioni na hata kwenye madirisha ya maduka ya dawa, kwamba vimelea vya malaria "vimeizoea dawa". Anayeisikia hudhani kimelea ni kama mnywaji wa pombe, ambaye hukomaa kadiri anavyokunywa. Sivyo kabisa.

Kimelea hakijifunzi chochote. Kinapojigawa ndani ya damu jeni zake hunakiliwa, na mara mojamoja nakala hutoka na kosa. Mengi ya makosa hayo hayana faida na mengine hukiua, lakini miongoni mwa mabilioni ya vimelea vilivyomo mwilini mwa mgonjwa kinaweza kutokea kimoja ambacho kosa lake linakiwezesha kuhimili dawa. Hata hicho hakina hakika ya kesho, kwani mbu anaponyonya damu huchukua vimelea vichache tu, na kikiachwa nyuma, ukoo wake huishia hapo kwa nasibu tupu. Mizani hubadilika dawa inapoingia, maana wenzake hufa, chenyewe husalia, na kizazi kinachofuata kinakuwa chake. Kilichobadilika ni jamii nzima ya vimelea.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa majirani zetu wa Malawi, walioacha kutumia klorokwini mwaka 1993. Mwaka 1992 vimelea vyenye jeni sugu vilikuwa takriban asilimia 85. Kufikia mwaka 2000 vilikuwa asilimia 13. Usugu una gharama yake, na dawa ilipoondoka vile visivyo sugu vikazaana kuvishinda. Je, hayo yangewezekana kama ni suala la mazoea?

Sisi Tanzania tuliiacha klorokwini mwaka 2001, na mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Sasa mabadiliko ya jeni yanayokifanya kimelea kichelewe kufa kwa artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa hiyo, yamebainika Rwanda, Uganda na hapa kwetu Kagera. Yale ya Rwanda yalizuka palepale, hayakuletwa kutoka Asia.

Wiki iliyopita jirani yangu alinionyesha pakiti ya dawa mseto ya mtu mzima. Vidonge 24, vinne kila mara, mara sita ndani ya siku 3. Vilikuwa vimebaki 12, kwa kuwa homa ilimwachia siku ya pili, naye akaviweka akiba kwa ajili ya wanawe. Ni mama makini anayejali watoto wake, ila anaamini kwamba kuacha dawa mapema kunauzuia mwili kuizoea. Imani hiyo tumempa sisi, kwa neno moja lililokosewa.

Nawasihi waandishi wa habari za afya waliache neno "kuzoea", waeleze kwamba dozi isiyokamilika huua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi vile vinavyoihimili dawa.

Msomaji wenu,
Bukoba