Uje Ottawa Majani Yanapopukutika

Ottawa, 11 Oktoba

Kwako rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi, wewe na Mama na watoto. Sisi hatujambo, ila baridi imeshaanza. Umeniuliza uje lini, na kwa kuwa umetamani kuona Rideau Hall, makazi rasmi ya Gavana Mkuu wa Kanada, nakushauri uje mwakani wakati wa kupukutika majani, wala si kiangazi kama wafanyavyo wengi.

Nyumba yenyewe utaimaliza upesi. Ilijengwa mwaka 1838 na Thomas McKay, mwashi wa Kiskoti aliyetajirikia kwenye ujenzi wa mfereji wa Rideau, na serikali ikaikodi mwaka 1865 kabla ya kuinunua. Kinachonirudisha mimi ni viwanja vyake, hekta zipatazo 32, ambavyo yeyote huingia bila kulipa senti. Sisi tuliozoea kupita mbele ya Ikulu kwa mwendo wa haraka na macho yakitazama mbele, uhuru huo hatuuzoei upesi. Hata leo nikifika langoni hujikuta nimeshaandaa jibu la swali ambalo hakuna aniulizaye.

Humo imo miti iliyopandwa na wageni wa taifa, na chini yake vibao vidogo vyenye jina la mpandaji na tarehe. Siku hizi vibao hufunikwa kabisa na majani, hata inabidi uyasukume kwa ncha ya kiatu ndipo usome. Mmojawapo ni mwaloni mwekundu wa John F. Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye Mei 1961, katika kuchota udongo kwa beleshi, aliutonesha mgongo wake uliomsumbua miaka mingi, na baadaye akaonekana akitembelea magongo. Basi mti huo ulimgharimu kuliko hotuba zote za ziara ile.

Sasa kuhusu tarehe. Miti ya mepo, ile ambayo jani lake limo kwenye bendera yao, hutangulia kubadilika. Siku zikifupika, ukijani wa jani hufifia na umanjano uliojificha chini yake ukajitokeza. Lakini wekundu hutengenezwa upya kwa sukari iliyosalia ndani ya jani, na ndiyo maana juma la jua kali mchana na ubaridi usiku huiwasha miti hiyo kupita kiasi. Mialoni haina haraka, na mingine hushikilia majani yake ya kahawia wakati mepo imeshabaki vijiti. Wageni hukimbilia mwanzo wa Oktoba. Mimi napendelea katikati, ambapo utaipata yote miwili.

Uje na viatu visivyopitisha maji, na tuwahi, kwani lango hufungwa kabla ya jua kuzama. Niandikie tarehe mapema, nipate kuomba likizo.

Wako akupendaye,
Rukia