Supachaja ya 86 Yako

Mombasa

Kwako ndugu Kioko,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa mzee. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Barua yako nimeipata, na ile orodha ya seti za supachaja, hizi pampu za kuisukumia injini hewa, unazotaka kuchagua moja ya kufunga kwenye Toyota 86 yako, nimeisoma mpaka mwisho. Nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa, maana vitu hivi vikishatoka bandarini hakuna wa kuvirudisha.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Chukua ile yenye Eaton TVS, iwe na intakula ya maji (kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini), na uifunge na puli kubwa ili izunguke taratibu. Ile ya Rotrex iache, ingawa najua ndiyo iliyokushika moyo kwa zile namba za nguvu farasi.

Rotrex si kitu kibaya hata kidogo. Wale Wadenmaki wameunda mashine safi: ndani hakuna meno ya gia, ni roli zinazosukumana kwa msuguano, na ina oili yake ya peke yake isiyochanganyika na ya injini. Haipashi hewa joto jingi na haichukui nafasi kubwa. Lakini ni supachaja ya feni, na feni presha yake hupanda kwa mraba wa mzunguko. Ikikupa bar 0.4 injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, basi kwenye 3,500 itakupa kama bar 0.1 tu. Sasa niambie, ni lini wewe uko kwenye 7,000? Asubuhi uko kwenye foleni. Jumamosi unapanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori la mizigo, unatafuta nafasi ya kulipita, na mshale uko 3,000 mpaka 4,500. Hapo ndipo 86 ya kiwandani ina shimo lake, nguvu inapungua, na wewe mwenyewe ulilalamika kwamba ukikanyaga mafuta ni kama gari halijakusikia. Rotrex itaongeza nguvu pale ambapo tayari gari linafurahia kwenda.

Eaton ni tofauti. Rota zake mbili zinabeba kiasi kilekile cha hewa kila zinapozunguka, mzunguko uwe mdogo au mkubwa, kwa hiyo presha inakuja mapema. Lile shimo linafukika. Na ukiwa unakwenda mwendo wako wa kawaida kuna vali inayofunguka hewa ipite pembeni, isiwe unachoma petroli bure siku nzima.

Nataka utulie kidogo hapa kwenye injini, kwa sababu ndiyo itakayoamua mambo yote. Injini yako, FA20, ni lita 2.0, pistoni ya milimita 86 na mwendo wa milimita 86, na kompresheni yake ni 12.5 kwa 1. Hiyo ni juu sana kwa injini ya kusukumiwa hewa. Subaru walipoitia turbo ndugu yake, ile ya WRX, waliishusha mpaka 10.6. Wewe unataka kusukuma hewa kwenye injini ambayo tayari inabana kuliko kawaida. Inawezekana, watu wanafanya, injini inadumu. Lakini nafasi ya kucheza ni ndogo. Kitakachokuumiza ni noki, yaani petroli kujiwakia yenyewe ndani ya silinda, na baada ya noki ni konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, ambavyo kwenye injini hii si vinene. Ukisikia sauti kama kokoto ndogo zinatikiswa ndani ya mkebe unapokanyaga kwa gia ya nne, ondoa mguu papo hapo. Ndiyo maana nasema puli kubwa. Supachaja ya aina hii ya Eaton inaleta msukumo chini kabisa, kwenye mzunguko mdogo, na msukumo wa chini ndio unaopinda konrodi mtu akiwa na tamaa.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa ng'ambo hatakuambia, kwa sababu yeye hakai Nairobi. Huko mko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya huku kwetu ina presha ya kilopaskali 101. Yenu ni kama 82. Gari lako tangu ulinunue halijawahi kukupa nguvu zake zote, isipokuwa zile siku ulizoshuka nalo pwani, nawe ukaniambia eti bahari imelipenda. Ilikuwa ni hewa.

Tuseme umefunga supachaja inayozidisha presha mara 1.4. Nairobi injini itapata kilopaskali 115 hivi, yaani imepita kidogo tu ile hewa ambayo 86 ya kawaida inavuta ikiwa Nyali. Geji itakuonyesha bar 0.33 na utaona mbona ni kidogo, na fundi mmoja atakwambia mbadilishe puli muweke ndogo. Usikubali. Washa gari, pita Emali, pita Voi, ukifika Mombasa ile puli ileile inaingiza zaidi ya kilopaskali 140. Ni karibu robo zaidi ya hewa kwenye silinda zilezile, na petroli ileile, na joto la nyuzi 32. Seti iliyopangwa kwa ajili ya Nairobi peke yake inaweza kuharibikia njiani ikija kusalimia bahari. Kwa hiyo tyuning ya mwisho ije ifanyiwe huku chini, au angalau yule anayepanga kontroo boksi (kompyuta ya injini) kwa programu ya EcuTek aambiwe waziwazi kwamba gari linashuka mpaka usawa wa bahari, aache nafasi.

Na intakula usiikwepe ili kupunguza bei. Hewa ya nyuzi 32 ukiibana mara 1.4 inatoka ikikaribia nyuzi 80, maana hakuna supachaja inayobana bila kupasha. Hewa moto namna hiyo kwenye kompresheni ya 12.5 ni kuiita noki kwa jina lake. Pamoja na intakula weka kipoza oili, kwa sababu injini hii oili yake hupata moto hata bila kuongezewa kitu.

Petroli nayo. Kwenye ile seti ya Kimarekani umeona imeandikwa tyuning ni ya 91, ukafurahi kwamba hata ya kawaida ya huku inatosha. Ile 91 si RON, kipimo cha oktani tunachotumia sisi, yaani petroli inavyostahimili noki. Marekani namba ya pampu ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, kwa hiyo 91 ya California ni kama RON 95 kwetu. Zile za Australia nyingi zinapangwa kwa 98. Tumia V-Power ya Shell kila mara, usichanganye na ya kawaida, na mwombe mtu wa tyuning apange kwa mafuta yaliyomo ndani ya tangi lako siku hiyo, siyo kwa faili lililokuja na boksi.

Nimesema ya Kimarekani, nikakumbuka: tazama upande wa usukani. Seti nyingi zimepimwa kwenye magari yenye usukani kushoto, na kwako silinda kuu ya breki na mhimili wa usukani viko kulia. Bomba moja likigusa pale, kazi yote inasimama. Ndiyo sababu mimi ningeanza kuulizia Harrop wa Melbourne, maana Australia wanaendesha kama sisi na wao wanatumia hizihizi Eaton. HKS ya Japani pia inakubali usukani wa kulia, ila ni ya feni, tunarudi kwenye habari ya Rotrex. Sprintex wa Perth wana ya skrubu mbili, inayotoa presha mapema vilevile. Hiyo ukiipata kwa bei nzuri sitakuzuia.

Kwenye bei hesabu na ushuru. Unakatwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya 16% inakuja juu ya hapo. Bakisha pesa za plagi, klachi na brekipedi. Plagi za injini hii zinafunguliwa kwa ubavuni, nafasi kati ya kichwa cha silinda na chasisi haitoshi mkono wa mtu mzima, kwa hiyo fundi asiyeijua atakupotezea siku nzima au atakuachia moja imekaa pembe. Na kampuni ya bima waarifu kwa maandishi.

Kabla hujatuma hata shilingi, pima kompresheni silinda zote nne na uniandikie namba. Gari lako ni la 2013, na mwaka 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari ya 2012 na 2013 yarudi kwa ajili ya kurekebishwa springi za vali. Uliza kwa namba ya chasisi kama lako lilifanyiwa, na kama bado, supachaja isubiri. Halafu piga picha ya ndani ya boneti upande wa dereva, karibu na silinda ya breki, uweke na rula ionekane nafasi iliyopo. Nitumie mimi, nitawaandikia Harrop.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Athmani