Lenzi ya kuvuta mbali: someni herufi, si namba peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaoanza kupiga picha ambao sasa wanatafuta lenzi ya pili, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Wengi huingia dukani wakiwa na namba moja kichwani, 300, yaani milimita za lenzi, na hutoka na lenzi ya bei ya chini kabisa iliyoandikwa namba hiyo. Hapo ndipo fedha inapopotea. Milimita ni rahisi kuzielewa. Kinachoamua kama picha itatoka safi au itatikisika ni zile herufi zinazofuata namba, na hizo ndizo watu wasizoelezwa.

Tuanze na namba hata hivyo. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya mwanzo kwa kawaida ni 18-55. Ukitoka milimita 55 kwenda 250, kitu kile kile kinaongezeka ukubwa kwenye picha mara nne na nusu. Ukitoka 250 kwenda 300, kinaongezeka sehemu moja ya tano tu, tofauti ambayo unaweza kuifidia kwa kusogea mbele kidogo au kukata kingo za picha baadaye. Kwa hiyo asikukatishe tamaa mtu kwa kukuambia kwamba 250 ni fupi.

Sasa herufi. Lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mikono yako. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, isipungue sekunde moja gawanya kwa milimita za lenzi, na kwa kuwa kamera nyingi za mwanzo zina sensa ndogo (kile kipande kinachonasa picha), zidisha kwanza milimita hizo kwa 1.5, au kwa 1.6 ukiwa na Canon. Ukiwa kwenye 300 unahitaji karibu 1/500 ya sekunde. Juani hilo ni jambo dogo. Lakini lenzi za bei nafuu zikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 au f/6.3 tu (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua), yaani hupitisha robo ya mwanga, au pungufu ya hapo, ukilinganisha na zile nzito za f/2.8. Jua likishatua, 1/500 itakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, hadi picha ijae chenga.

Kituliza mtikisiko ndicho kinachokuokoa hapo. Kwa kitu kilichotulia, kinakuwezesha kushuka kutoka 1/500 hadi karibu 1/60 ukishika kamera kwa mikono. Kikiwa ndani ya lenzi, hata ukichungulia kwenye kioo cha kutazamia, taswira huacha kurukaruka na kulenga kunakuwa rahisi. Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Fujifilm OIS, Tamron VC, Sigma OS. Kama herufi hizo hazipo kwenye lenzi, basi kituliza hakipo, muuzaji aseme atakavyosema. Olympus ni habari tofauti: kamera zao nyingi zina kituliza ndani ya mwili wa kamera, hivyo ile 40-150 ndogo isiyo na herufi hizo haina kasoro kwa hilo.

Lakini kituliza hakimsimamishi anayekimbia. Mchezaji uwanjani bado anataka 1/500 hadi 1/1000, na ndege anayeruka anataka 1/1600 au zaidi. Wanaolalamika kwamba kituliza chao hakifanyi kazi mara nyingi wametumia kasi ndogo ya shata kupiga kitu kinachokwenda. Lenzi yao haina ubovu wowote.

Mtego mkubwa kwa wenye Canon ni EF 75-300 f/4-5.6 III. Huwekwa ndani ya boksi pamoja na kamera na lenzi ya kwanza, na mnunuzi hudhani amepewa bahati. Haina IS, mota yake ya otofokasi (kulenga kwenyewe) ni ya polepole na yenye kelele, na kwenye 300 picha ni laini, kingo za vitu zikizungukwa na rangi ya zambarau. Kwa kamera za Canon zenye kioo ndani (DSLR) na sensa ndogo, EF-S 55-250 IS STM inaishinda karibu kwa kila kitu: ina kituliza, inalenga kimyakimya, na ina uzito wa gramu 375 tu. Pete yake ya kufungia ni ya plastiki. Hilo lisikutie hofu, kwa lenzi nyepesi kiasi hicho inatosha kabisa. Mwenye kamera ya Canon ya mfumo wa RF, zile zisizo na kioo ndani, yenye sensa ndogo atazame RF-S 55-210 IS STM. Akikutana na RF 75-300 ajue nayo haina IS.

Upande wa Nikon matatizo ni mawili, na yote yanatokana na mota. Kamera za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina mota ya otofokasi ndani yake, hivyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF tupu, kama 70-300 f/4-5.6 G, zitafunga vizuri na kupiga picha, ila utalenga kwa mkono daima. Tafuta AF-S au AF-P, zenye mota ndani ya lenzi. Tatizo la pili linaumiza zaidi kwa sababu lenzi yenyewe ni nzuri. AF-P 70-300 DX (DX ni alama ya Nikon ya sensa ndogo) haifanyi kazi ya kulenga kabisa kwenye D3100, D3200, D5100 au D7000, hata kwa mkono, kwa kuwa pete yake ya kulengea huendeshwa kwa umeme na kamera hizo haziielewi. D3300 na D5300 zinahitaji programu ya ndani ya kamera isasishwe kwanza. Na AF-P hiyo imetengenezwa kwa namna mbili zinazofanana mno, moja ina VR na nyingine haina. Kwa kamera ya zamani, AF-S 55-200 VR ni chaguo salama.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na kuitazama kwa nje. Tumbukiza mwanga wa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando ni kuvu, na ukungu wa maziwa ni mafuta yaliyotanda kwenye vioo. Ukiona kimojawapo, iache. Vumbi chache hazina madhara. Zungusha pete ya zumu mwanzo hadi mwisho; ikikwama au ikikwaruza, kuna tatizo ndani. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, simama sambamba na ukuta wa matofali, piga ikiwa imefunguliwa yote kwenye milimita za chini, za kati na za juu, ukuze picha na ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikiwa hafifu kuliko nyingine zote, kioo kimehama, labda lenzi ilianguka. Mwisho washa kituliza, bonyeza kitufe nusu na uangalie kama taswira inatulia au inaruka ghafla.

Ukishaipata, achana na vile vioo vya kuskrubu mbele vinavyodai kuongeza mara mbili. Vinaharibu picha kuliko kukata kingo kwenye kompyuta. Filta ya bei rahisi nayo hupunguza ukali, na kwenye lenzi ndefu huonekana mapema. Kikinga-jua hulinda kioo vizuri zaidi. Kukiwa na mwanga wa kutosha, funga tundu hadi f/8. Weka nukta moja ya kulengea, na kwa vitu vinavyokwenda tumia hali ya kulenga mfululizo, AI Servo kwenye Canon au AF-C kwenye Nikon na Sony. Na mchana wa jua kali, kitu kilicho mbali sana juu ya lami au mchanga kitatoka kikiwa kimeyumba hata kwa lenzi ya bei ya juu, kwa sababu hewa yenye joto ndiyo inayopinda mwanga. Dawa yake ni kusogea karibu au kurudi asubuhi.

Ombi langu kwa wauzaji ni moja: andikeni jina zima la lenzi kwenye lebo na kwenye tangazo, mpaka herufi ya mwisho, na kando yake mtaje kamera ambazo haitalenga. Nawe Mhariri, waandishi wako wanapochambua kamera wafanye vivyo hivyo, kwani "70-300" peke yake haimwambii msomaji ananunua nini.

Fundi wa kamera na msomaji wako