Takwimu za ziwa: kubalianeni saa kwanza, seva baadaye

Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya wataalamu wa Tanzania, Kenya na Uganda kukubaliana "kuunganisha mifumo ya takwimu za Ziwa Victoria", nimeisoma mara mbili. Picha ya watu wenye vitambulisho shingoni nimeiona. Mahali panaposema wanaunganisha nini na nini sijapaona. Gazeti hili nalinunua tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini hili limenishinda.

Nilikuwa karani wa takwimu za uvuvi kwenye mialo ya Ukerewe, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki, mpaka nilipostaafu. Kazi yenyewe haikuwa ya makuu: mtumbwi umefika saa ngapi, umeleta nini, kiasi gani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mitumbwi hurudi kukishakucha. Kwa hiyo daftari langu limejaa "saa 2", kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angeandika. Fomu za ng'ambo ya pili ziliandikwa 08:00.

Siku moja tukaitwa warsha, hotelini, viyoyozi mpaka watu wanatetemeka. Kijana wa kompyuta akapanda mbele na mchoro wa rangi. Mitumbwi ya dagaa ya wenzetu inarudi asubuhi, anasema, ila ya Tanzania inarudi saa nane za usiku! Mashine ilisoma "2" yangu ikaifanya 2:00, na kwa kuwa nchi zote tatu zinafuata saa za Afrika Mashariki hakuna kengele iliyolia. Hilo ningemsamehe. Nilichoshindwa kumsamehe ni kwamba alikuwa na sababu tayari: eti wavuvi wetu wanawahi kurudi kwa kuogopa maharamia wanaoiba injini! Watu wakaandika kwenye madaftari yao. Nikanyoosha mkono, nikaambiwa maswali ni mwishoni, na mwishoni ikawa chakula cha mchana. Safu ya "kiasi" nayo ilikuwa vilevile: sisi ndoo, wengine kilo, namba zimejumlishwa pamoja bila aibu, na kila ukurasa wake umepambwa kwa herufi FAIR, zile kanuni za mwaka 2016 zinazotaka takwimu zipatikane, zifikike, zioane na zitumike tena. Ndoo na kilo zinaoana wapi?

Na mkiandika habari za ndoo, andikeni pia kwamba ndoo ya mchuuzi si ndoo ya mvuvi. Akinunua kwetu anaijaza mpaka inatuna juu, halafu anaitikisa aongeze tena. Akifika Mwanza anauza ya kusawazishwa kwa kiganja. Lumbesa ya viazi mnaipigia kelele kila mwaka. Ya dagaa je?

Nirudi kwenye hoja. Majina si tatizo, kila mtu ziwani anajua omena na mukene ni dagaa walewale. Tatizo ni vitu vinavyoonekana vimefanana. Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, mialo yake ikatoka kwenye hesabu ya Mwanza; asiyejua hilo akiangalia jedwali atadhani samaki wamehama. Watafiti wa kichocho wanakuja kwenye mwalo uleule, wao wanaandika jina la kijiji, sisi jina la mwalo, na hakuna namba moja ya kuwakutanisha. Wala msidhani dawa ni programu moja: wizara za afya za nchi zote tatu zinatumia DHIS2, ile programu ya takwimu za afya iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na bado kila nchi ina orodha yake ya vituo na namba zake.

Asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Shirika la uvuvi la ziwa hili liliundwa kwa mkataba wa 1994, makao yake Jinja, na tangu 2000 wavuvi na vyombo vimekuwa vikihesabiwa kwa pamoja pande zote tatu. Imewezekana kwa sababu walikubaliana kwanza nini kihesabiwe na kiandikwe vipi, kabla mtu hajanunua seva.

Kwa hiyo napendekeza mkutano ujao usifanyike hotelini. Waje mwaloni, saa 11 alfajiri (05:00, kwa faida ya yule kijana), mwezi ukiwa gizani. Kila nchi ilete karani mmoja na fomu yake, na mtafiti wa kichocho awepo. Waandike mtumbwi mmoja tu. Fomu zikipishana, posho ya siku hiyo wapewe makarani, na wataalamu wabaki hapo mpaka zilingane. Mizani nitaazima kwa jirani yangu, ni nzima, ila arudishiwe siku hiyohiyo.

Msomaji wenu,
Nansio, Ukerewe