Mbona Fulana ya Mtoto Imechuja Mara Tu Ilipofuliwa?

Wazazi wanaonunua rangi za kufunga na kuchovya, yaani nguo hufungwa kwa raba bendi kisha hutiwa rangi, hurudi na swali lilelile: fulana ilipokuwa ndani ya mfuko ilikolea wekundu, mbona ilipofuliwa ikatoka ya waridi? Mara nyingi kosa si la mtoto. Lilifanyika kabla hajashika chupa ya rangi.

Soma lebo kwanza. Rangi hizi za maji ya uvuguvugu hushika pamba. Poliesta huzikataa, kwa hiyo fulana ya nusu kwa nusu itapauka hata usipokosea chochote. Hata kwenye pamba tupu mishono huweza kubaki myeupe, maana uzi wake mara nyingi ni poliesta. Fulana mpya ifue kwa maji ya moto na sabuni ili dawa za kiwandani zitoke.

Kinachofungamanisha rangi na pamba ni sodiamu kaboneti, yaani soda ya kufulia. Isipokuwepo, rangi hukaa juujuu na kuondoka na maji. Weka gramu 60 kwa kila lita ya maji, loweka fulana dakika 15 hadi 20, kisha ikamue. Soda ya kuokea haifai hapa, ni dhaifu mno. Soda ya kufulia huwasha ngozi na kuumiza macho, basi ndoo hiyo aishike mtu mzima mwenye glavu. Zile rangi za batiki zinazotaka kostiki soda waachie mafundi: kostiki huunguza, haina nafasi mbele ya watoto.

Unga wa rangi nao ukorogwe watoto wakiwa mbali, nawe umevaa barakoa, kwani ukivutwa unaweza kuleta mzio wa kifua. Vijiko 2 vya chai kwa mililita 240 za maji vinatosha. Nyeusi hutaka mara mbili. Usitie soda ndani ya chupa, rangi itaishiwa nguvu kabla haijagusa nguo.

Sasa mwite mtoto. Tandaza fulana ikiwa na unyevu, bana kitambaa katikati ya kifua kwa meno ya uma, zungusha pole pole mpaka nguo yote ijiviringe kama gamba la konokono. Usiruhusu mikunjo inyanyuke juu. Pitisha raba bendi 3 zikikutana katikati, upate vipande 6, kila kimoja na rangi yake. Njano, chungwa na nyekundu zikae jirani. Njano ikikutana na zambarau utapata tope, na hakuna mtoto aliyeomba fulana ya tope. Mdomo wa chupa uingie ndani ya mikunjo, la sivyo ukifungua utakuta mabaka meupe. Weka fulana juu ya wavu wa waya, si kwenye beseni, maana watoto hukamua chupa bila huruma na dimbwi la chini huchanganya kila kitu. Geuza, rudia upande wa pili.

Funga kwenye mfuko wa plastiki saa 24, mahali pasipopungua nyuzi joto 21. Penye baridi rangi hushika kwa shida. Ufiche huo mfuko, maana jioni hiyohiyo utaombwa ufunguliwe.

Suuza kwa maji baridi kwanza, raba bendi zikiwa bado mahali pake, ili soda itoke. Ukianza na maji ya moto, rangi iliyolegea itakwenda kushika sehemu nyeupe. Ndipo ufungue, ufue kwa maji ya moto na sabuni, urudie mpaka maji yakaribie kuwa safi. Siki na chumvi haziisaidii pamba katika hatua hii.

Fulana iliyokwisha kuchuja usiitupe. Irudishe kwenye maji ya soda, ifunge upya, na rangi mpya itakaa juu ya ile ya zamani.